Dakika Tatu Mbele ya Bi Mkavu

Kutocheka ni kazi, na anayebisha aje ajaribu. Akae kwenye kiti cha mbao katikati ya jukwaa, mikono juu ya magoti, kwa saa moja na nusu, huku kaka yake wa tumbo moja akihangaika pembeni yake ndani ya suruali ya mtu mnene, akipanda ngazi ambayo haipo, kisha akiishuka kinyumenyume na sahani kichwani. Watu mia tatu wanavunjika mbavu. Wazee wazima wanapangusa machozi. Kuna mama kule nyuma anaomba atolewe nje apate hewa. Na wewe umekaa vilevile, uso mkavu, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitali.

Hivyo ndivyo Bi Mkavu alivyopata riziki yake. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kaka yake, ambaye dunia nzima ilimwita Mapengo kwa sababu zilizoonekana kila alipofungua kinywa, ndiye aliyechekesha. Kazi ya Bi Mkavu ilikuwa kutochekeshwa. Mwisho wa kila onyesho watazamaji watatu walipanda jukwaani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akapewa dakika tatu za kumchekesha. Atakayeweza, godoro ni lake. Godoro lenyewe lilikuwa jipya, bado limo ndani ya nailoni yake, na lilizunguka miji yote likiwa limefungwa kwa kamba juu ya gari. Mwaka wa tatu huo, hakuna aliyelishusha. Walijaribu walimu, wakajaribu mafundi seremala, akajaribu hata askari mmoja aliyepanda na sare zake akidhani zitasaidia. Wapi!

Yote yalianza na jino. Zamani Bi Mkavu alikuwa akikata tiketi mlangoni, na siku moja jino likamshika, taya likavimba, akaenda kujikalia kwenye kiti cha jukwaani kwa kuwa ndicho kilichokuwa kitupu. Akasahau kwamba pazia litafunguliwa. Pazia likafunguliwa. Mapengo akaanza vituko vyake, dada mtu akamtazama kwa uso wa maumivu, na ukumbi ukalipuka. Kesho yake jino liling'olewa, lakini uso ukabaki kazini.

Mbinu alizijifunza mwenyewe. Ndani ya kiatu cha kushoto aliweka kizibo cha soda, na kicheko kilipoanza kumtekenya alikikanyaga kizibo kwa kidole gumba mpaka kicheko kikatulia. Kisipotulia, alihesabu mara saba kurudi nyuma: themanini na nne, sabini na saba, sabini. Hakuna kituko duniani kinachoishinda mara saba kurudi nyuma, alikuwa akisema, ila lazima uwe ulikuwa mbovu wa hesabu shuleni.

Lakini jukwaani ni nafuu. Sharti lililomtesa lilikuwa la nje ya jukwaa, na alilitunga Mapengo: dada yake asionekane akicheka mahali popote penye watu. Siku hizi kila mtu ana simu, na kila simu ina jicho. Picha moja tu ya Bi Mkavu akionyesha meno kwenye meza ya chai, basi, shughuli imekwisha. Nani atakuja kumtazama mwanamke asiyecheka ambaye jana alikuwa akicheka na mhudumu? Kwa hiyo hakucheka hotelini, hakucheka kwenye vituo vya mafuta, hakucheka kwenye korido za nyumba za wageni hata siku ile Mapengo alipojifungia nje na taulo. Kicheko kikimzidi alikigeuza kikohozi. Alikohoa sana miaka hiyo. Wahudumu wa miji sita walimwonea huruma wakamletea maji ya tangawizi bila kuagizwa, na mmoja akamwandikia namba ya daktari wa kifua.

Mahali pekee alipokuwa huru ni ndani ya gari lao. Walipomaliza mji na kukipita kituo cha mwisho cha mafuta, Mapengo alivuta mapazia ya madirisha, na dereva akasema, "Haya dada, njia nyeupe." Hapo Bi Mkavu alicheka vya siku nzima: vya ngazi, vya sahani, vya taulo. Alicheka mpaka akalala ubavu kwenye kiti. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache, na yeye ndiye pia aliyefunga vipaza sauti na kushika saa ya mashindano. Wakati huo wa kicheko alipunguza mwendo, asije akamtikisa akapaliwa.

Sasa, Bi Mkavu alikuwa na binti wa miaka tisa. Shule haisafiri, kwa hiyo mtoto alikaa na bibi yake, yaani mama wa hao ndugu wawili. Baba mtu alikuwa ameshaoa kwingine, na habari zake zituishie hapo. Mtoto walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Kila jioni alimpigia mama yake simu ya video kumsimulia mambo ya siku, na mambo yenyewe, jamani, yalikuwa ya kuchekesha kweli. Damu ni damu.

Balaa ni kwamba katika nyumba za wageni mtandao hupatikana mapokezi, na mapokezi kuna watu. Jioni moja Chiriku alisema, "Mama, leo bibi amenituma dukani. Nikafika njiani nikasahau alichonituma. Nikarudi kumuuliza. Akaniambia tena. Nikaenda, nikasahau tena! Nikarudi. Bibi akasema, 'We mtoto huna akili, twende wote.' Tukaenda. Muuza duka akauliza, 'Mnataka nini?' Mimi nikamwangalia bibi, bibi akaniangalia mimi. Tukanunua sabuni."

Bi Mkavu akahisi kicheko kinampanda kutoka kitovuni. Mbele yake msichana wa mapokezi amemkodolea macho, pembeni wageni wawili wameshatoa simu zao. Akakikanyaga kizibo, akakohoa, akasema, "Ehe, halafu?"

Kwenye kioo cha simu Chiriku alingoja kidogo. "Halafu basi, mama. Imeisha."

Siku mbili baadaye simu zilikatika. Jioni ya kwanza Bi Mkavu alidhani ni mtandao. Jioni ya nne akampigia mama yake mwenyewe, akiwa amejifungia bafuni na bomba la maji limefunguliwa.

"Mama, Chiriku ana nini?"

"Haumwi," bibi akasema. "Ila ameniuliza swali nikakosa jibu. Ameniuliza hivi: 'Bibi, mama hacheki na watu wote, au hacheki na mimi tu?'"

"Ukamwambiaje?"

"We binti, si nimekwambia nimekosa jibu? Nimemweleza habari za kazi, kwamba ukicheka mkate wa mjomba wake umekwenda. Akanisikiliza vizuri tu. Halafu akasema, 'Sawa,' akaenda kulala saa kumi na mbili. Lini umemwona mtoto yule akilala saa kumi na mbili?"

Bi Mkavu alifunga bomba la maji. Aliumia. Alikuwa amewanyima kicheko watu wa miji mingi na hakujali, hao walilipa kiingilio wanyimwe. Lakini mtoto wake hakukata tiketi.

Asubuhi, gari likiwa njiani, alisema, "Kaka, Jumapili tukifika nyumbani nitacheka."

"Cheka sasa hivi, mapazia yapo," Mapengo akajibu. Alikuwa akijaribu kushona kifungo cha suruali ya onyesho na barabara ilikuwa haimsaidii.

"Sikucheki wewe. Nataka nicheke na mwanangu, anione."

Mapengo akaacha sindano. "Mdogo wangu, pale nyumbani ndiyo pabaya kuliko kote. Huwajui wale majirani? Ukipiga chafya wanajua ulikula nini. Tumebakiwa na miji tisa, na mabango yameshabandikwa yote: *Miaka mitatu hajacheka.* Ukicheka Jumapili, Jumatatu tunakwenda kuonyesha nini? Suruali?"

"Anadhani simpendi, kaka."

Mapengo alimpenda mpwa wake, tena sana. "Basi fanya hivi," alisema mwishowe. "Tukifika, mwingize chumbani, funga mlango, funga dirisha, mcheke huko mpaka mshibe. Ila ukumbini, dada, ukumbini usiniangushe."

Wakakubaliana hivyo. Mpango ulikuwa mzuri, na ungefaa sana kama vicheko vingekuwa vinachotwa kama maji.

Jumapili, kabla ya adhuhuri, walifika. Gari halijazimwa, watoto wa mtaa wamelizunguka. Kila dirisha lina kichwa, vingine vichwa viwili. Bibi alitoka na mkono wenye unga, akawakumbatia wanawe, akamwambia Mapengo amekonda na dereva amenenepa. Chiriku alisimama mlangoni, amesukwa vizuri, gauni safi.

"Shikamoo mama," akasema, kwa adabu zote.

Adabu ile ndiyo iliyomkata Bi Mkavu maini. Mtoto yule zamani alikuwa akimrukia shingoni kabla hajashuka garini.

Alimshika mkono, akamwingiza chumbani, akafunga mlango, akafunga dirisha, akavuta na pazia. Wakakaa kitandani.

"Nisimulie ile ya dukani," mama akasema.

"Ulishaisikia."

"Basi nisimulie mpya."

"Sina mpya, mama."

"Hata moja? Wewe?"

"Siku hizi hayanitokei," Chiriku akasema, akawa anavuta uzi wa shuka.

Bi Mkavu akaingiwa na hofu. Muda ulikuwa unakwenda, ukumbi unamsubiri, na mtoto yuko hapo hapo lakini hayupo. Basi akafanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Ni kosa la watu wa jukwaani. Alifungua kinywa, akarudisha kichwa nyuma, akacheka. Alicheka kwa ufundi, ha-ha-ha tatu za kupanda na mbili za kushuka, na kofi moja kwenye paja.

Chiriku alimtazama vile fundi anavyoitazama kazi ya fundi mwingine. "Hicho cha kuigiza, mama," akasema taratibu. "Mjomba hukitumia anapoingia na sahani."

Kisha akasema bibi anamhitaji jikoni, akafungua mlango, akatoka. Bi Mkavu alibaki kitandani anajitazama kwenye kioo cha kabati. Miaka mitatu amekifunga kicheko, na siku aliyotaka kukifungua hakujua ufunguo ameuweka wapi.

Onyesho lilikuwa saa tisa alasiri, katika ukumbi wa shule. Madawati yalitolewa yakawekwa mabenchi, ubao mweusi ukageuzwa ukuta wa nyuma wa jukwaa, na chini yake bado palikuwa na vumbi la chaki. Watu walijaa mpaka madirishani. Bibi alipewa benchi la tatu, na pembeni yake alikaa Chiriku, mikono kwenye mapaja.

Mapengo alijua yuko kwao na akajituma kweli. Alipanda ngazi isiyokuwepo, akafika juu, akagundua ameacha sahani chini. Aligombana na kipaza sauti. Alivutwa na suruali yake upande mmoja, yeye akataka kwenda upande mwingine. Watu walipiga mayowe. Bi Mkavu alikaa kwenye kiti chake na hakuhitaji kizibo wala mara saba. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya jino, uso ule haukuwa wa kazi.

Ukafika wakati wa mashindano. Wa kwanza alipanda kinyozi wa mtaa, na kwa kuwa aliona maneno hayatoshi, alikuja na mteja wake aliyemnyoa upande mmoja tu. Akamzungusha jukwaani kama bidhaa. Watu walikufa kwa kicheko, mteja naye alikasirika kwelikweli, jambo lililozidisha. Bi Mkavu, kimya. Wa pili alikuwa mkunga mstaafu, aliyewazalisha nusu ya waliokuwa mle ndani. Aliutangazia ukumbi kwamba mtoto huyu alizaliwa akiwa amekunja uso vivyo hivyo, na kwamba yeye mwenyewe aliogopa akataka kumrudisha. Themanini na nne, sabini na saba, sabini. Bi Mkavu, kimya.

"Wa tatu na wa mwisho!" Mapengo akapaza sauti. "Nani anataka godoro?"

Mikono mingi ilinyooka, lakini kabla hajachagua, mtu alikuwa ameshaingia kwenye njia ya katikati anakuja. Alikuwa Chiriku. Bibi alinyoosha mkono kumshika gauni akashika hewa.

Mapengo akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Chiriku, rudi kwa bibi. Ndugu hawaruhusiwi."

"Sitaki godoro, mjomba."

"Rudi, mwanangu."

Watu nao si watu. "Mwache mtoto!" mmoja akapiga kelele. "Mnamwogopa?" akadakia kinyozi, ambaye bado alikuwa na kinyongo cha kushindwa. Ukumbi mzima ukaanza kupiga makofi kwa pamoja, pa, pa, pa, mpaka vioo vikatetemeka. Mapengo akamtazama dada yake amwambie la kufanya. Dada yake, kwa kuwa yuko kazini, hakutikisa hata ukope. Mapengo akashusha pumzi.

"Dakika tatu," akasema. "Dereva, saa."

Chiriku alipanda. Hakuchukua kipaza sauti. Alikwenda pembeni kulikokuwa na kiti cha pili cha mbao, kile Mapengo anachoangukia, akakiburuta mpaka karibu na cha mama yake, miguu ya kiti ikilia kwenye mbao. Akakaa, akaweka mikono magotini. Akakunja uso.

Uso ulikuwa ni ule ule. Kidevu kile, kope zile zilizoteremka nusu, mdomo umebanwa kidogo upande wa kushoto. Bi Mkavu mkubwa na Bi Mkavu mdogo, bega kwa bega, wanautazama ukumbi kama ukumbi ndio uliochelewa. Watu wakaanguka kwa kicheko. Wengine walianguka kweli, benchi la pembeni lilipinduka na waliokuwa juu yake. Mkunga alijifunika uso kwa kanga. Mapengo aligeukia ubao mweusi na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Bi Mkavu alitazama mbele. Kidole gumba kilikuwa juu ya kizibo, kimekikandamiza mpaka kinauma. Mara saba zilikuwa zimechanganyika, alifika sitini na tatu akaruka hamsini. Lakini alijizuia. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Mtoto hakufanya kitu kingine chochote.

Dakika ya tatu ilipokuwa inaelekea mwisho, Chiriku alisogeza kichwa kidogo. Alisema polepole, bila kuuachia uso, na mama yake peke yake ndiye aliyesikia.

"Usicheke, mama. Bibi ameniambia ukicheka kazi ya mjomba imekwisha. Nimekuja kukaa na wewe tu."

Chiriku akajisogeza kwenye kiti, upande huu, upande huu, akitafuta pa kukalia. Kisha akasema tena, kwa huruma kabisa, kama mtu aliyepata jibu la swali la siku nyingi: "Kumbe kiti chenyewe ni kigumu hivi. Mimi pia nisingecheka."

Kilianza puani. Mlio mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka. Watu wa mbele walinyamaza, wakadhani ni kipaza sauti. Kisha Bi Mkavu akainama, akashika magoti, na kikamtoka chote. Na kilikuwa kicheko kibaya, jamani, tusidanganyane. Kilitoka kwa kukoroma, kikapanda na filimbi, kikakatika katikati mwenyewe akivuta hewa, halafu kikaanza upya kwa nguvu zaidi. Machozi yalimwagika mpaka shingoni. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, watu mia tatu wamepigwa na butwaa, wanasikiliza kitu ambacho kwa miaka mitatu hakuna aliyekisikia isipokuwa wanaume wawili ndani ya gari.

Chiriku alimtazama mama yake, macho yamemtoka. Hakuwa na shaka hata chembe. Hicho hakikuwa cha kuigiza, hakuna mtu mwenye akili zake angeigiza kicheko cha namna ile. Akaweka mikono miwili mdomoni, haraka, lakini alikuwa amechelewa. Na chake kikatoka. Kukoroma, filimbi, kukatika. Kile kile.

"Hao!" bibi akasimama kwenye benchi la tatu. "Wawili hao! Kwa nini mnadhani huyu namfukuzaga sebuleni wageni wakija!"

Basi hapo hapakuwa na wa kumzuia mwenzake. Ukumbi ulicheka mpaka walimu waliokuwa nyumba za nyuma wakaja kuuliza kuna nini, nao wakaingizwa humo humo. Dereva alisahau kusimamisha saa. Mapengo alikaa chini, katikati ya jukwaa, na kwa kumtazama tu usingejua kama anacheka au analia. Nadhani alikuwa anafanya vyote.

Baadaye, nyuma ya jukwaa, alijua anachofanya: alikuwa amekasirika.

"Miji tisa," akasema. "Umeniua, dada. Miji tisa!"

"Nimekuua," Bi Mkavu akakubali. Mbavu zilikuwa zinamuuma na hakuwa na nguvu za kubishana.

"Si ungengoja? Zilibaki sekunde ishirini!"

"Kaka, sekunde ishirini nimezingoja miaka mitatu."

Mapengo alizunguka, akapiga teke sanduku la mavazi, akaumia kidole, akakaa juu ya hilo hilo sanduku. Nje sauti za watu zilikuwa hazijaisha. Walikuwa wanaondoka huku wanaigizana kile kicheko, na kila aliyekiiga alikikosea na kuwachekesha wenzake upya. Bibi alikuwa anamwamuru dereva alishushe godoro, kwamba mtoto kashinda kihalali na mgongo wake yeye bibi umeshalisubiri vya kutosha. Mapengo alisikiliza yote hayo. Taratibu hasira zikaanza kumtoka, na kitu kingine kikaanza kumwingia. Akachukua bango moja kutoka kwenye bunda, akaomba kalamu, akafuta maneno ya juu kwa mistari miwili minene. Akaandika: *Amecheka mara moja. Njooni mkisikie.* Akalitazama kwa mbali, akalitazama kwa karibu.

"Si baya," akasema, akapangusa damu kwenye kidole cha mguu.

Walipaswa kuondoka saa kumi na moja jioni ili wawahi mji wa mbele. Saa kumi na moja na robo Bi Mkavu alikuwa chumbani amekaa kitandani, safari hii dirisha liko wazi, mlango uko wazi, na majirani wawili wamesimama nje hadharani wala hawajifichi. Chiriku alikuwa amelaza kichwa mapajani mwake.

"Mama, kumbe unajua kucheka."

"Najua."

"Nilidhani mimi ndiye sijui kuchekesha."

"Wewe ulinichekesha kila siku," Bi Mkavu akasema. "Kicheko nilikificha kwa watu, nikakuficha na wewe. Nilikosea, mwanangu. Ile ya sabuni ilinipa kikohozi usiku kucha."

Chiriku akanyanyua kichwa amwangalie kama ni kweli. Aliona ni kweli. Ghafla yakaanza kumjia, yote ya siku zile alizonyamaza na mengine aliyoyasahau: mwalimu wa hesabu na nzi, kuku wa jirani aliyeingia msikitini na kutoka na kandambili, bibi na fundi aliyekuja kurekebisha redio ambayo haikuwa imechomekwa. Bi Mkavu alicheka ya nzi, akacheka ya kuku, ya redio ikamlaza chali. Nje wale majirani wawili wakawa wanne.

Honi ikalia barabarani. Ikalia tena, ndefu. Ndani ya miaka mitatu gari lile halijawahi kumngoja Bi Mkavu hata dakika moja.

"Mama, unaitwa."

"Nasikia."

"Nimebakiwa na moja," Chiriku akasema, anatazama mlango. "Lakini ni ndefu."

"Ndefu kiasi gani?"

"Ndefu sana, mama."

Bi Mkavu akavua viatu vyote viwili, akavisukuma chini ya kitanda. "Basi kamwambie mjomba wako azime gari."